Miaka Sita Nilimskiza Klemperer kwa Sikio Moja

Ilikua Alhamisi jioni, mvua imetoka kunyesha, Jogoo Road imesimama vile husimama, na mimi niko kiti cha dirishani nyuma ya dereva na iafoni mpya masikioni. Mpwa wangu ndiye alizinunua pale Luthuli. Aliona zile zangu za zamani nimezifunga selotepu pale waya inaingilia, akasema anko hizi tupa tu, kesho yake akaniletea hizi.

Nikabonyeza folda ya Beethoven, Simfoni ya Tano, bila kuangalia ni rekodi ya nani, manake ninazo kama kumi na moja hivi na siku hiyo nilikua nimechoka, nataka tu kitu ninachokijua. Zile nota nne zikapita, zikapita tena. Halafu, kabla hata gari halijasonga, nikaskia kitu ambacho sijawahi kukiskia kwa huu muziki, na nimeuskiza tangu niko na miaka kumi na saba. Zile nota fupi zikaanzia sikio la kulia, zikaruka katikati, zikatua kushoto. Kama watu watatu wamekaa benchi moja wanapokezana kikombe cha chai moto.

Nikatoa simu mfukoni nione ni nani huyo.

Otto Klemperer, Philharmonia, 1959.

Yule mwongozaji niliyemkataa.

Nikatoa iafoni ya kulia nikabaki na ya kushoto peke yake, nikarudisha mwanzo. Ule mpokezano haupo. Kuna kasauti kwa mbali, halafu vayolini zinaingia kama zimetoka tu hewani, na kila kitu kinaenda polepole mno. Huyo ndiye Klemperer niliyekua namjua. Nikairudisha ya kulia, akaja yule mwingine. Nilifanya hivo mara tatu kabla hatujapita City Stadium, mpaka mama niliyekaa naye akaniuliza, "Baba, sikio linakuuma?"

Nikamwambia hapana mama, liko sawa sasa.

Nilichokua nimesema

Hii kitu imenikaa kichwani wiki tano. Naamka nayo, naenda mazoezi ya kwaya nayo.

Mwaka wa 2019 niliandika hapa kuhusu waongozaji wa Beethoven. (Nasema mwongozaji kwa sababu kondakta hapa Nairobi ni mtu wa matatu, na mtu wa okestra anastahili jina lake.) Niliandika kwamba Klemperer anaongoza kama mtu anayesindikiza jeneza na ukitaka kuielewa hii simfoni muache kabisa. Maneno yangu hayo. Wengine mkanipongeza kwa kusema wazi.

Ila iliyoniuma zaidi si makala. Kuna binti kwa kwaya yetu, anaimba alto, amejifundisha nota mwenyewe kwa simu na sasa namfundisha kuongoza. Ana mkono mzuri, ana sikio kuliko langu. Mwaka jana alikuja baada ya mazoezi akaniambia Mwalimu, nimepata huyu Klemperer, nimskize? Nikamwambia achana naye huyo, atakufundisha kuvuta wimbo polepole. Hakubisha. Alitoa simu akafuta hizo faili.

Alizifuta mbele yangu.

Waya

Sikio la kulia la zile iafoni lilikufa lini sijui vizuri. Halikufa siku moja. Kwanza lilikua linakwaruza ukiinamisha kichwa, halafu linakuja ukishika waya hivi, halafu ukazoea kutoshika. Sauti ya kushoto ilikua nzuri tu na kwa matatu kelele ni nyingi, kwa hivo sikuona kama nimepungukiwa. Simfoni ilikua inaendelea mwanzo mpaka mwisho, hakuna mahali ilikatika. Hapo ndipo pabaya, manake kitu kikikatika unajua kimekatika.

Sasa muelewe kwa nini hiyo waya ilimuumiza Klemperer kuliko wenzake.

Okestra iko na vayolini za kwanza na vayolini za pili, kama vile kwaya iko na soprano na alto. Zamani, enzi za Beethoven mwenyewe, zilikua zinakaa zikitazamana, za kwanza kushoto kwa mwongozaji na za pili kulia. Karne ya 20 waongozaji wengi wakaziweka zote kushoto, pamoja, kwa sababu zikikaa pamoja zinashikana vizuri na sauti inatoka kwa wingi. Klemperer alikataa. Alizitenga maisha yake yote.

Na Beethoven aliandika huo mwanzo kwa watu wanaotazamana. Baada ya zile nota nne kubwa mara mbili, vayolini za pili zinaanza kimyakimya, viola, zile kubwa kidogo kuliko vayolini, zinapokea, vayolini za kwanza zinamalizia. Ni sekunde chache tu. Lakini sehemu yote ya kwanza, vipimo 502, imejengwa na huo mchezo wa kurushiana, mmoja anaanza mwingine anadaka.

Chukua sasa ile rekodi ya Herbert von Karajan na Berlin Philharmonic ya mwaka 1962, ambayo ndiyo niliipenda kwanza. Vayolini zote ziko kushoto. Ukiua sikio la kulia unapoteza uzito wa chelo na besi, ni kweli, ila wimbo unabaki, mpokezano unabaki. Kwa Klemperer ukiua sikio la kulia umewatoa chumbani nusu ya watu wanaozungumza. Anayebaki anaongea, ananyamaza, anaongea. Na kwa sababu anaenda polepole hiyo nafasi tupu inakua kubwa zaidi, na wewe msikilizaji unasema, huyu mbona anavuta?

Nilichokihukumu kilikua nusu ya rekodi, nikaiandikia jina la mtu.

Kanda ya padri

Lakini sitaki kuiwekea waya makosa yote. Wiki ya pili nikaanza kujiuliza swali lingine, na hili lilikua gumu zaidi. Je, hata kama iafoni zingekua nzima, ningempa nafasi?

Nilivyoijua hii simfoni ni hivi. Padri mmoja alihamishwa parokia akaacha sanduku la kanda, na mimi kwa sababu nilikua napiga kinanda nikaambiwa nichague. Nikachukua sita. Moja ilikua hiyo ya Karajan. Niliiskiza kwa redio ya nyumbani mpaka ikaanza kupinda sauti, naijua kila pumzi yake, najua mahali filimbi inaingia na ile njaa fulani. Nikiwa Fomu Tatu niliamini hiyo ndiyo Simfoni ya Tano. Si ya Karajan, ni yenyewe. Kila niliyemskiza baadaye nilikua namsahihisha kwa kanda ya padri, huyu amekosea, huyu amechelewa, huyu ameharakisha.

Kama umewahi kuhama kanisa unajua. Unafika parokia mpya, wanaimba wimbo ule ule wa ekaristi umeimba tangu utotoni, wanauimba taratibu au wanapandisha mahali kwenu hampandishi, na moyo unasema hawa hawajui wimbo. Wanaujua vizuri sana. Wewe ndiye unajua mmoja tu.

Carlos Kleiber nilimkubali haraka, ile rekodi yake ya Vienna ya 1974 ambayo kila mtu anaisifu, na nikifikiria sasa naona nilimkubali kwa sababu yuko upande ule ule wa kanda yangu ila na moto zaidi. Hakunilazimisha kuhama. Naipenda bado, na sina la kumtoa. Ila kumpenda yeye hakukunigharimu kitu.

Na kuna hili pia. Hakuna rekodi ya asili ya kupimia wengine. Usiku wa kwanza wa hii simfoni, Vienna, tarehe 22 Desemba 1808, ukumbi ulikua baridi, programu ilikua na urefu wa karibu masaa manne, mazoezi hayakutosha, na jioni hiyo hiyo wimbo mwingine ulivurugika katikati mpaka Beethoven akawasimamisha waanze upya. Waliokuwepo ndio waliiskia kwanza kuliko sisi sote na labda waliiskia vibaya kuliko sisi sote. Kwa hivo mtu akisema hivi ndivyo inavyopaswa, huwa nataka kujua amejifunzia kanda gani.

Alama za huruma

Basi nikaanza kumsoma Klemperer, na hapo nikaingia hatari ya pili.

Alizaliwa 1885 Breslau, mji uliokua Ujerumani wakati huo. Alikua Myahudi, akakimbia Ujerumani 1933. Mwaka 1939 alifanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye ubongo, ukamwacha upande mmoja wa mwili umelemaa. Mwaka 1951 akaanguka uwanja wa ndege wa Montreal akavunjika, na kwa muda mrefu baada ya hapo akawa anaongoza amekaa. Mwaka 1958 akawasha moto kitandani kwake kwa kuvuta tumbaku na kulala, akaungua vibaya. Hii rekodi ninayoiongelea ni ya mwaka uliofuata.

Ukishajua hayo unaskiza tofauti. Kila nota ya polepole inageuka kuwa ushujaa. Unaanza kumwona mzee amekaa kwa kiti, mkono mmoja ndio unafanya kazi, na unataka kumpa kila kitu.

Nikiwa shule tulienda Kenya Music Festival, na wote mliopita huko mnakumbuka siku ya set piece, kwaya ishirini na kitu wimbo mmoja, unakaa ukumbini mpaka unauota. Mwaka huo kuna shule basi lao liliharibika njiani, wakafika viatu vina matope mpaka magotini, wakapanda jukwaani moja kwa moja bila hata kunywa maji. Wakaimba. Ukumbi ulisimama wote, sisi washindani wao pia tulisimama. Yule jaji akangoja makofi yaishe, akasema kwa upole kabisa kwamba makofi hayo ni ya safari na wanastahili yote, sasa aseme kuhusu wimbo. Akawaambia teno walikua juu ya nota kuanzia ubeti wa pili.

Nilimchukia jaji huyo siku hiyo. Siku hizi namfikiria sana.

Manake si Klemperer peke yake. Kuna rekodi ya Wilhelm Furtwängler ya Mei 1947, ameruhusiwa kurudi mbele ya Berlin Philharmonic baada ya vita na baada ya kuchunguzwa uhusiano wake na utawala wa Nazi, mji wenyewe bado ni vifusi, na anapiga Simfoni ya Tano. Nani anaweza kuskiza hiyo akasahau yote hayo? Mimi siwezi. Nikiiskiza natetemeka, na sijui kama natetemeshwa na alichofanya kwa mkono au na tarehe iliyoandikwa kwa jalada. Pengine haviachani. Ila mtu anayetaka kutoa hukumu lazima ajaribu kuviachanisha, hata akishindwa.

Je, ni yeye kweli?

Hii sehemu ndiyo ilinichelewesha kuandika, manake inanihusu.

Miaka miwili iliyopita kwaya yetu ilirekodi nyimbo nne kwa studio moja mjini. Walituingiza kwa zamu, soprano peke yao, halafu alto, halafu wanaume, kila kundi likiimba na mdundo wa mashine masikioni. Wimbo wa pili mimi huuongoza kwa mapigo 88 kwa dakika, nimeuongoza hivo miaka, kwa sababu maneno yake ni ya toba na watu wanahitaji kuyameza. Prodyuza akaweka 96. Nikamwambia, akasema Mwalimu hiyo yako italala redioni. Tulikua tumelipia masaa na yalikua yanaisha. Nikanyamaza.

Rekodi ikatoka. Na unajua ni wimbo upi watu wananipongeza? Huo wa pili. Mzee mmoja wa jumuiya alinishika mkono akasema, "Mwalimu, ile ya pili umeishika vizuri, umeipa uhai."

Sikua nimeishika. Nilikua nimekaa nyuma ya kioo.

Sasa mimi nitawezaje kukaa kwa matatu nikasema Klemperer alifanya hivi, Karajan alifanya vile? Nani aliweka maiki karibu na obo? Nani alichagua kipande hiki akatupa kile? Rekodi za studio za wakati huo zilikua zinapigwa vipande vipande, wanarudia, wanaunganisha utepe. Nilikaa na hilo swali siku nyingi nikaona pengine niache kabisa hii kazi ya kuhukumu watu kwa rekodi, niseme tu rekodi hii naipenda, ile siipendi, na majina niyaache.

Kilichoniokoa ni bahati ya historia.

Okestra ya Philharmonia ilianzishwa London 1945 na Walter Legge, ambaye pia ndiye alikua prodyuza wa rekodi zake. Mwaka 1954 Karajan alirekodi nao Simfoni ya Tano. Mwaka 1955, mwaka mmoja tu baadaye, Klemperer akarekodi nao hiyo hiyo, kabla ya kuirudia tena 1959. Okestra moja. Prodyuza mmoja. Ukumbi mmoja, Kingsway Hall. Na zote mbili ni mono, yaani hakuna kushoto wala kulia, hata waya yangu mbovu ingeshindwa kuharibu kitu. Kama kuna mahali unaweza kuona mkono wa mwongozaji peke yake, umesimama uchi, ni hapa.

Nikaziskiza jikoni, usiku, wote wamelala, moja baada ya nyingine, halafu nikazigeuza nikaanza na ya pili.

Ni watu wale wale na si watu wale wale kabisa. Kwa Karajan sauti zinamiminika, nota moja inaingia ndani ya nyingine, huoni mshono, na ukifika mahali pa kupanda okestra yote inapanda kama wimbi moja. Kwa Klemperer kila chombo kiko mahali pake na kinajitegemea. Filimbi, obo, klarineti, basuni, vyombo vyote hivyo vya kupuliza, unazihesabu hata zikipigwa pamoja na nyuzi zote. Vishindo vinakaa chini kama mawe ya msingi. Legge hangeweza kufanya hivo kwa kuzungusha kitufe, manake si swala la nani ana sauti kubwa, ni swala la namna mtu anamaliza nota yake. Kwa Karajan nota inaisha kwa kuingia kwa jirani. Kwa Klemperer inaisha, halafu jirani anaanza. Hicho kitu kinafundishwa mazoezini, mdomoni na mkononi mwa watu, na kila mwalimu wa kwaya anajua inachukua muda gani.

Hapo nikapumua. Yuko. Mtu yuko ndani ya rekodi, ila unapaswa kumtafuta mahali prodyuza hawezi kufika.

Mahali ninapotafuta sasa

Mfano mmoja ni ile alama ya kushikilia, ile kama jicho. Ziko mbili pale mwanzo kabisa, na watu wengi wanaziskia kama sawa. Si sawa. Ya pili Beethoven aliiongezea kipimo kizima, kwa hivo ni ndefu kuliko ya kwanza. Anataka ushikilie, halafu ushikilie zaidi. Mwongozaji asiyejali atakupa mbili sawa. Mwingine ataivuta ya kwanza mpaka ya pili ikose pa kwenda. Sasa hivi hicho ndicho kitu cha kwanza naskiza kwa rekodi yoyote, na ninahesabu kwa vidole.

Mfano mwingine, basuni. Mapema kwa sehemu ya kwanza wimbo wa pili unatangazwa na honi za Kifaransa, kwa nguvu. Unaporudi baadaye, Beethoven ameuandikia basuni mbili, kwa sababu honi za siku zake hazikua na vali, vile vibonyezo vya kubadilisha nota, na kwa ufunguo ule zisingeweza kupiga hizo nota. Honi za kisasa zinaweza. Kwa hivo waongozaji wengi wa karne ya 20 waliwapa honi, wakisema ndivyo angetaka, na John Eliot Gardiner, yeye na okestra yake ya vyombo vya mtindo wa zamani, kwa rekodi zilizotoka 1994, anabaki na basuni. Hakuna injinia anayekuamulia hilo. Ni mtu amesoma ukurasa akachagua. Mimi niko upande wa basuni. Zinaskika kama mtu mdogo amepewa tangazo la mfalme alitoe, na anatoa.

Halafu tempo, yaani mwendo wa wimbo, ambayo ndiyo ilikua kesi yangu yote 2019.

Beethoven aliweka namba. Mwaka 1817 alichapisha namba za metronomu, kile kifaa cha kupimia mwendo, za simfoni zake, na sehemu ya kwanza ya hii aliipa nota nusu 108 kwa dakika, ambayo ni mbio. Kuna wanaosema metronomu yake ilikua mbovu au kwamba masikio yalikua yamekwisha akawa anaskia kichwani tu. Mimi siendi huko. Namba ni neno la mwenye wimbo na ukilipuuza unapaswa kulipa. Gardiner yuko karibu nayo. Klemperer yuko mbali sana, na hiyo iafoni mpya haikubadilisha.

Ila sasa naona analipa. Ameuza mwendo, akanunua kuskika. Ule mpokezano wa vayolini na viola, kwa mbio za 108 kwa ukumbi mkubwa unakua mmweko tu, kwake unamwona kila mtu akinyoosha mkono. Na sehemu ya mwisho, pale tromboni zinaingia, na ile filimbi ndogo, vyombo ambavyo vimengoja simfoni nzima bila kupiga nota moja, kwake haziingii kama mlipuko, zinaingia kama mlango mkubwa wa kanisa unafunguliwa na watu wanne. Ni polepole. Ni kizito. Kilitoa machozi jikoni kwangu saa saba usiku.

Bado namtoa alama kwa tempo. Namrudishia nyingine ambazo sikujua anazo.

Jumamosi

Nilimwomba yule binti abaki baada ya mazoezi. Nikamwambia kwamba mwaka jana nilikuambia achana na Klemperer na nilikosea, sikua nimemskia vizuri, naomba umskize sasa. Aliniangalia kama hajui aseme nini. Kwetu mwalimu hamwambii mwanafunzi hivo mara nyingi. Akasema, "Hakuna shida Mwalimu," nikamwambia shida iko, chukua.

Akakaa kwa benchi ya kwanza na zile iafoni. Mimi nikawa napanga vitabu vya nyimbo ambavyo vilikua vimepangwa tayari. Kwa sehemu ya kwanza mkono wake wa kulia ulikua unatembea kidogo kwa goti, na pale kwa jicho la pili nikaona umebaki juu, juu, umekataa kushuka. Alikua anahesabu. Sikua nimemfundisha hilo bado.

Aliskiza yote. Zaidi ya nusu saa, na mlinzi alikua ameshakuja mara mbili na funguo.

"Ya kwanza naikubali," akasema. "Ya mwisho pia. Ya tatu hapana, Mwalimu. Imelala."

Nikamuuliza wapi.

"Pale besi na chelo zinaanza kukimbia."

Nikasema lakini pale unaskia kila nota ya besi, kwa wengine ni vumbi tu. Na Berlioz, yule mtunzi Mfaransa, alisema pale ni kama tembo anacheza kwa furaha, sasa tembo atakimbia vipi? Akasema ndio, unaskia kila nota, na tembo yuko, ila huyu tembo hachezi, anapimwa uzito. Kama Beethoven alitaka wahesabiwe mbona akaandika wakimbizane? Nikasema wanaweza kukimbizana polepole. Akasema hapana, hiyo inaitwa kufuatana.

Nikafikiria. Nikarudia kichwani. Sikua na jibu, na bado sina, nimeiskiza tena mara nne tangu Jumamosi na kila mara nafika pale naskia sauti yake ikisema kufuatana.

Tulitoka tukibishana mpaka stegi, gari lake likaja la kwanza, akapanda.

Iafoni alienda nazo. Sijamdai.